Wahindi na Waswidi juu ya Kolwezi: namna uhusiano wa inchi mbili za mbali ulipitia kwetu



Mtu akikuambia "uhusiano wa kidiplomasia kati ya India na Uswidi", sisi watu wa Lualaba tunaona haraka ni habari za watu wengine. India tunaijua kupitia mafarmasi na magazini ya mjini. Uswidi, ile tunayoitaga Suède, tunaijua kupitia majina yaliyoandikwa kwenye mashini za kutoboa mwamba: Sandvik, Epiroc. Basi. Lakini iko wakati ambapo inchi hizo mbili zilikutana, na hazikukutana New Delhi wala Stockholm. Zilikutana juu ya kiwanja cha ndege cha Kengere, hapa Kolwezi, mwezi wa Desemba 1961, zikiwa na ndege za vita.

Mimi ni agronome, sio mwanahistoria. Lakini kila mara mambo ya ONU yanapoingia kwenye mazungumzo yetu, nasikia sentensi moja tu: "Wahindi na Waswidi walikuja kupigania shaba yetu." Nimeisikia toka niko graduat ya kwanza mpaka nikamaliza lisansi. Naandika juu ya kuonyesha kwamba sentensi hiyo inakosea pahali fulani, na pahali pengine inagusa kweli. Na ukiielewa, utaelewa pia uhusiano wa kidiplomasia ni kitu gani, kwani vitabu vinatuelezaga ambasade na bendera tu.

Tuanzie mbali kidogo. Kisha vita vya pili vya dunia, India ilikuwa imepata uhuru mwaka wa 1947 na Waziri Mkuu Nehru hakutaka kuwa chini ya Waamerika wala chini ya Warusi. Uswidi, kwa upande wake, ilikuwa inchi ya Ulaya ambayo haikuingia NATO wala kambi ya Moscow. Inchi mbili tofauti kabisa: moja kubwa, maskini, imetoka kwenye ukoloni, nyingine ndogo kwa watu, tajiri, baridi. Lakini zilikuwa na hitaji moja, kwamba dunia isigawanywe na wakubwa wawili peke yao. Njo maana zikaanza kutafutana. Uswidi ilimtuma New Delhi mwanamke mwenye akili nyingi, Alva Myrdal, akawa balozi kule toka 1955 mpaka 1961. Ni yeye huyo alikuja kupata zawadi ya Nobel ya amani mwaka wa 1982. Nehru naye alienda Stockholm mwaka wa 1957.

Hizo ni ziara na barua. Kazi yenyewe ilifanyika pahali pengine. Mwaka wa 1953, vita vya Korea viliposimama, ikaundwa tume ya inchi zisizo na upande ya kusimamia wafungwa wa vita ambao hawakutaka kurudi kwao: India ikawa mkubwa wa tume, Uswidi ikawa memba. Mwaka wa 1956 wakakutana tena Gaza, kwenye kikosi cha kwanza cha ONU, Wahindi na Waswidi wakivaa kofia za bleu pamoja. Kwa hiyo Congo ilipowaka moto mwaka wa 1960, hawakuwa wageni mmoja kwa mwengine.

Munajua tarehe: uhuru 30 Juni 1960, Katanga inajitenga 11 Julai, ONU inaamua kutuma askari 14 Julai. Katibu Mkuu wa ONU alikuwa Mswidi, Dag Hammarskjöld. Alitafuta askari ambao si Waamerika, si Warusi, si Wabelgiji. Waafrika walikuja wa kwanza na wengi: Ghana, Tunisia, Morocco, Ethiopia na wengine. Kutoka Ulaya, Waswidi walitolewa palepale Gaza na kupakizwa kwenye ndege. Mkubwa wa kwanza wa jeshi la ONU Congo alikuwa Jenerali Carl von Horn, Mswidi. Mshauri wa kijeshi wa Hammarskjöld alikuwa Brigadia Indar Jit Rikhye, Mhindi. Na toka Septemba 1960 mwakilishi wa Hammarskjöld pale Léopoldville alikuwa Rajeshwar Dayal, Mhindi, mwanadiplomasia wa Nehru.

Musidhani walipatana kila siku. Von Horn aliona kwamba Rikhye anamwingilia kwenye amri zake, na kisha kutoka Congo hakuficha uchungu wake. Hii inafundisha kitu: serikali mbili zinaweza kuwa marafiki huku maofisa wao wanatazamana vibaya ofisini, kama vile mkubwa wa mine na mkubwa wa usine walio kwenye sosiete moja.

Shida kubwa zaidi ilimpata Dayal. Alikataa kuitambua serikali ya makomisa ambayo Mobutu aliiweka kisha kumpindua Lumumba. Kasa-Vubu hakumtaka tena, Waamerika hawakumtaka. Lumumba akauawa 17 Januari 1961, karibu na Élisabethville, leo Lubumbashi. Nehru alikasirika sana. Na ni hapo kwenye hasira njo utaona diplomasia yenyewe. Angeweza kuondoa mkono wake, kama inchi zingine zilivyoondoa askari wao. Yeye akafanya kinyume: kisha Baraza la Usalama kuruhusu, 21 Februari 1961, nguvu itumike kama hakuna njia ingine ya kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe, akatuma brigade nzima, karibu askari 5,000. Mwezi wa Mei Dayal akaondoka. Nafasi yake ikashikwa na Mswidi, Sture Linnér. Brigade ya India ikabaki. Yaani Nehru aliacha askari wake chini ya ONU ambayo Katibu Mkuu ni Mswidi na mkubwa wa Congo ni Mswidi, wakati mtu wake mwenyewe amesukumwa nje. Kwangu mimi, hicho kina uzito kupita ziara kumi na karamu zake.

Sasa tukuje Katanga. Élisabethville, Waswidi walikuwa na kambi yao, na pembeni ya kambi hiyo, toka Agosti 1961, wakaanza kukimbilia watu wa Kasai, Waluba, waliokuwa wanafukuzwa na kupigwa na polisi na vijana wa Tshombe. Walifika makumi ya maelfu. Waswidi walikuwa wamekuja na bunduki, wakajikuta wanagawa maji na unga wa mahindi. Watu hao walikuja kurudishwa Kasai kwa treni mwaka wa 1962. Wenye umri wanajua kwamba miaka thelathini baadaye, 1992 na 1993, familia zingine za Kasai zililala tena kwenye magare ya Likasi na Kolwezi zikingoja treni ileile. Sitaki kufungua mlango huo leo, lakini siwezi kupita kama sijauona.

Tarehe 13 Septemba 1961 ONU ikaanza operesheni iliyoitwa Morthor. Jina hilo si Kifaransa wala Kiswidi, linatoka Kihindi, maana yake kama kunyonga na kuvunja. Wahindi walienda kushika posta na redio, Waswidi na Waayalandi wakawa na kazi zao ndani ya mji. Ikaenda vibaya. Na sababu moja ya kwenda vibaya ilitoka hapa Kolwezi.

Sababu hiyo ni ndege moja. Katanga ilikuwa na Fouga Magister, ndege ndogo ya jet iliyotengenezwa Ufaransa, ilikuwa inalala Kolwezi. Ndege moja inayoruka, rubani mamluki, basi! Lakini ONU haikuwa na ndege yoyote ya kupigana. Ile Fouga ilikuwa inapanda asubuhi, inapiga askari wa ONU Élisabethville, inapiga Waayalandi waliozungukwa Jadotville, leo Likasi, inarudi Kolwezi kunywa mafuta. Jeshi la inchi nyingi likashikwa na ndege moja ya mji wetu.

Hammarskjöld akaamua kwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka, kuzungumza na Tshombe mwenyewe. Ndege yake, DC-6 ya kampuni ya Kiswidi Transair, na wafanyakazi wake Waswidi, ilisafiri usiku na kuzunguka mbali, upande wa mashariki, juu ya kuogopa Fouga. Usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba 1961 ikaanguka porini karibu na Ndola. Watu 16 walikuwa ndani, hakuna aliyepona. Kwa Uswidi ilikuwa msiba wa taifa. Uswidi ilifanya nini? Haikurudi nyumbani. Mwezi wa Oktoba ilituma ndege tano za vita za J 29, ambazo wenyewe wanaziitaga Tunnan, yaani pipa, kwa sababu zina tumbo nene. India ikatuma sita za Canberra, kubwa zaidi, zinazofika mbali. Ethiopia ikatuma za kwake.

Desemba 1961 mapigano yakaanza tena Élisabethville. Tarehe 5, kwenye kizuizi cha barabara upande wa kiwanja cha ndege, Kapteni Gurbachan Singh Salaria wa Wagurkha alikufa akiongoza watu wachache juu ya jandarme wengi. India ikamupa Param Vir Chakra, nishani yake kubwa kupita zote. Siku hizohizo Canberra za Wahindi na Tunnan za Waswidi zikafika Kolwezi, zikapiga Kengere na ndege zilizokuwa chini. Toka hapo anga la Katanga halikuwa tena la Tshombe. Kwa macho ya agronome naona hesabu yake: Canberra ina mbio ya mbali, Tunnan ina mbio ya karibu, moja peke yake haitoshi. Walihitajiana kweli, sio kwa hotuba.

Lakini bei ililipwa na watu pia. Kwenye siku hizo za Desemba, Georges Olivet, mjumbe wa Msalaba Mwekundu, aliuawa pamoja na wenzake wawili wakiwa na ambulanse ndani ya Élisabethville, na raia wengi walikufa kwa makombora ya pande zote. Wazee wakisema "ONU ilitupiga", hawasemi uongo.

Mwaka wa 1962 ulipita na mazungumzo: Tshombe anatia sahihi, Tshombe anageuka. Na kisha ikatokea kitu ambacho kingevunja ushirika huo kama ungekuwa wa karatasi. Oktoba 1962 China ikashambulia India kwenye milima ya Himalaya. India ikarudisha Canberra zake nyumbani, ilizihitaji. Hakuna aliyeweza kuikatalia. Lakini askari wake wa miguu wakabaki Katanga, wakati kwao kunaungua. Na anga likaachwa kwa Waswidi hasa. Walikuwa wameongeza Tunnan zingine, zikiwa Kamina, ile base kubwa ya Wabelgiji wa zamani.

Tarehe 28 Desemba 1962 ikaanza operesheni ya mwisho, Grandslam, mkubwa wake Katanga akiwa Meja Jenerali Prem Chand, Mhindi. Kesho yake, 29, Tunnan zikapiga Kengere tena, na ndege za Katanga zikaharibiwa zikiwa bado chini. Upande wa barabara, Brigadia Noronha na Wahindi wake wakatoka Élisabethville, wakafika mto Lufira, wakakuta madaraja yamevunjwa, wakavuka hivyohivyo, na 3 Januari 1963 wakaingia Jadotville. New York walikuwa wanataka wasimame kwanza, lakini habari zilichelewa na Noronha hakusimama. Wadiplomasia wakakasirika, wengine wakafurahi kimyakimya.

Ikabaki Kolwezi. Hapa niombe ruhusa nikae kidogo, juu ni mji wetu na juu ni mambo ya maji, kazi yangu.

Tshombe alikuwa amekimbilia Kolwezi na jandarme wake na mamluki, wale ambao wazee wetu wanawaita les affreux. Silaha yake ya mwisho haikuwa tena ndege wala bunduki. Ilikuwa baraji. Juu ya Lualaba, miaka ya 1950, Union Minière ilikuwa imejenga mabaraji mawili: Delcommune, ambayo leo ni Nzilo, na chini yake Le Marinel, ambayo leo ni Nseke. Umeme wa mine na wa usine ulitoka hapo. Mabomu yakawekwa kwenye mitambo ya Kolwezi na kwenye baraji, na Tshombe akatisha kwamba ONU ikisogea, kila kitu kitaruka.

Vitabu vingi vinahesabu hatari hiyo kwa tani za shaba na kwa kilowati. Sawa. Mimi naiangalia kama mtu aliyesoma udongo. Ziwa la Nzilo ni maji mengi yaliyozuiliwa ndani ya bonde jembamba. Baraji ikipasuka, wimbi linashuka kwenye magorge, linafika Nseke, na ikiwa Nseke nayo haivumilii, maji yanaendelea mpaka Bukama na bonde la Upemba, pahali ambapo watu wanaishi kwa samaki na kwa mashamba ya kando ya mto. Na ilikuwa Januari, katikati ya mvua, mito imejaa, mahindi yako shambani bado hayajakauka. Mvuvi wa Upemba hakuwa na hisa ndani ya Union Minière, hakuwa na kiti kwenye Baraza la Usalama, na hakuna aliyemuuliza kama anataka Katanga moja au Congo moja.

Hapo ndege za Waswidi hazikuwa na faida. Huwezi kupiga bomu juu ya bomu. Prem Chand alikuwa na nguvu ya kuingia Kolwezi kwa mbio kama alivyoingia Jadotville, lakini safari hii jeshi likasimama, na maneno yakafanya kazi: makonsuli, Wabelgiji, watu wa Union Minière wenyewe ambao hawakutaka kuona mali yao inazama, wote wakimsukuma Tshombe. Tarehe 14 Januari 1963 akatangaza kwamba kujitenga kumeisha. Tarehe 21 ONU ikaingia Kolwezi bila kupigana. Mamluki na jandarme wengi walikuwa wameshatoka kwa njia ya reli, kupitia Dilolo, wakaingia Angola. Kati ya watu wa makundi hayo na watoto wao njo walitoka wale walioirudia Kolwezi Mei 1978. Kwa hiyo Januari 1963 haikumaliza kila kitu. Lakini baraji ilibaki imesimama.

Sasa turudi kwa ile sentensi: walikuja kupigania shaba? India haikupata kampuni moja ya mine hapa kwa kazi ile. Uswidi vilevile. Walipoteza watu, na Uswidi ilipoteza Hammarskjöld. Hesabu ya kodi ndiyo inaonyesha nani alikuwa na shaba: Union Minière ililipa kodi kwa Tshombe muda wote wa kujitenga, na kisha ONU kuingia iliendelea kuchimba mpaka Mobutu alipoichukua 1 Januari 1967. Walichotafuta India na Uswidi kilikuwa kingine: kuonyesha kwamba inchi zisizo na kambi zinaweza kuongoza jambo kubwa la dunia bila Washington na Moscow kuingia na majeshi yao. Hiyo ni faida pia, tusijidanganye. Faida ya heshima na ya sauti. Na pahali sentensi inagusa kweli ni hapa: bila shaba, dunia isingekuwa na haraka ya namna ile juu ya Katanga. Vijiji vingi vya Congo vilichomwa miaka ileile na hakuna Tunnan iliyotumwa.

Kisha Congo, uhusiano wao uliendelea na milima na mabonde yake. Mwaka wa 1986 India ilinunua mizinga ya kampuni ya Kiswidi Bofors, na mwaka wa 1987 redio ya Uswidi ikafunua habari za milungula. Jambo hilo lilimtikisa Rajiv Gandhi mpaka kwenye uchaguzi wa 1989. Ilichukua miaka 30 toka ziara yake ya 1988 mpaka Waziri Mkuu mwengine wa India kukanyaga Stockholm, Aprili 2018, siku ambapo India ilikaa meza moja na inchi zote tano za kaskazini: Uswidi, Norway, Denmark, Ufini na Iceland. Walikutana tena Copenhagen mwezi wa Mei 2022, wakazungumza nguvu za umeme safi. Umeme safi ni nini bila kobalti na shaba? Ufini, pale Kokkola, kuna usine kubwa ya kusafisha kobalti ambayo kwa miaka mingi ililishwa na kobalti ya Tenke-Fungurume, hapa Lualaba. Tumo ndani ya mazungumzo yao tena, kama mwaka wa 1961, na tena kiti chetu sikioni.

Jambo moja bado liko wazi. Mwaka wa 2015 ONU ilifungua tena uchunguzi wa kifo cha Hammarskjöld, na tangu hapo unaongozwa na Mtanzania, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa inchi yake. Amesema mara nyingi kwamba serikali fulani kubwa hazijafungua makaratasi yao yote. Maswali mengine yanahusu ndege za Katanga na marubani wake, yaani yanahusu Kolwezi. Makaratasi yako mbali, lakini macho yaliyoona Kengere mwaka ule, mengine yako kwetu bado, Musonoi, Manika, Kasulo. Wenye babu au nyanya aliyekuwa Kolwezi 1961 mpaka 1963, muende mukae naye chini kabla ya msimu huu wa mvua kuisha, na mutuletee anachokumbuka, na jina la mtaa alipokuwa amesimama.